Kwa Nini Mtoto Huomba "Fozeni"

Mtoto wa miaka mitatu anaelekeza kidole kwenye picha ya binti mwenye msuko mrefu mweupe na kudai: "Fozeni!" Nyumba nzima inaelewa. Anataka Frozen, katuni ya Disney ya mwaka 2013, ile ile ya jana na juzi.

Ameangusha r, na ana sababu. Sauti za midomo kama p, b na m humjia mtoto mapema. R hukawia, na konsonanti mbili zilizofuatana humpa taabu zaidi. Spider-Man naye huwa "Paidamani". Majina ya Kiswahili hayasalimiki: Rafiki, yule nyani mzee wa The Lion King (1994), huitwa "Lafiki", na kwa mdogo zaidi hubaki "Fiki" tu. Hapo hakuna kubahatisha. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi iliyotangulia mkazo ndiyo rahisi kuachwa. Ndivyo katuni ya Encanto ya mwaka 2021 inavyogeuka "Kanto".

Wazazi wengi hudhani mtoto amesikia vibaya. Mara nyingi sivyo. Mwaka 1960 watafiti wa Marekani, Jean Berko na Roger Brown, walieleza habari za mtoto aliyemwita samaki wake wa plastiki "fis" badala ya "fish". Mtu mzima alipomuuliza, "Hii ni fis yako?" mtoto alikataa katakata. Alikubali pale tu alipotamkiwa "fish", kisha akajibu: ndiyo, "fis" yangu! Sikio lilikuwa limeshafika, ulimi ulikuwa bado njiani. Kumwiga kwa utani, basi, ni kumsemesha maneno ambayo mwenyewe anajua si sahihi, na hilo huenda likamuumiza.

Na kwa nini muvi moja kila siku? Asiyejua kusoma huchagua kwa sura, rangi na wimbo. Wengine huiita Frozen "Elsa" tu, jina la yule binti mwenye msuko, yakaisha. Kurudia nako kuna faida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto wa miaka 3 hadi 5 walionyeshwa sehemu moja ya Blue's Clues, kipindi cha runinga cha watoto, siku 5 mfululizo. Uelewa wao uliongezeka, na wakazidi kuyajibu maswali ya kwenye runinga.

Mzazi afanye nini? Amjibu kwa jina kamili, bila kumlazimisha arudie: "Haya mwanangu, tuangalie Frozen." Mtoto atalichukua kwa wakati wake. Ila akifika miaka minne na wageni bado hawaelewi sehemu kubwa ya maneno yake, au akiitwa hageuki, apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza. Asisubiri kuanza shule.