Maktaba na Kiendeshaji katika Kompyuta

Aliyezoea maktaba ya vitabu hana budi kuelezwa maana ya neno hili katika kompyuta. Faili la maktaba shirikishi halisomwi na mtu. Ni fungu la maagizo ambalo programu nyingi huliazima, badala ya kila moja kubeba nakala yake. Katika Windows, mengi yao hukaa katika folda ya System32. Anayefuta moja kwa kudhani halina mwenyewe huenda akazikwamisha programu ambazo hakuzigusa kamwe.

Kiendeshaji ni mkalimani baina ya mfumo endeshi na kifaa, kama vile printa. Baadhi ya waandishi hukiita kiendeshi, jina litumikalo pia kwa kifaa cha diski. Matumizi hayo hayafai: aambiwaye kiendeshi chake kimeharibika aweza kununua diski mpya pasipo haja, ilhali angeweka upya programu ndogo tu.

Tena hasara hazilingani. Maktaba ikiharibika, aghalabu hukwama programu zinazoitegemea; kiendeshaji kilichomo katika kiini cha mfumo kikikosea, kompyuta nzima husimama. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilisimama kwa kosa la namna hiyo.