Murembwe na Elimu ya Magereza: Utangulizi

Elimu ya magereza, yaani taaluma inayochunguza vifungo, haijaandikwa sana kwa Kiswahili, ingawa wafungwa wanaozungumza lugha hii wamejaa kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Huhitaji kuwa mwanasheria wala askari ili uingie humu. Swali linalotushughulisha ni moja: dola inamfungia mtu miaka mitano au ishirini, kisha inamrudisha mtaani. Katikati hapo kinafanyika nini hata arudi akiwa jirani mwema, au arudi ameharibika kuliko alivyoingia?

Nakualika tulitazame swali hili tukiwa Rumonge, mji wa mawese na wa samaki wa mukeke na ndagala, kilomita 70 na kidogo kusini mwa Bujumbura kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo lipo gereza la Murembwe, mojawapo ya magereza 11 ya Burundi. Wakenya wana Kamiti na Waganda wana Luzira kwa wale wanaohesabiwa kuwa hatari zaidi. Burundi, gereza moja kama Murembwe hupokea watu wa kila namna: mwizi wa baiskeli, muuaji, mahabusu ambaye hajasomewa hukumu, hata mtetezi wa haki. Nestor Nibitanga, aliyekuwa mwangalizi wa shirika la haki za binadamu la APRODH, alihukumiwa miaka mitano mwaka 2018 na kufungwa Murembwe hadi msamaha wa 2021. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2001 na Pierre Claver Mbonimpa, ambaye naye alikuwa amefungwa katikati ya miaka ya 1990, na aliyoyaona kifungoni ndiyo yaliyomsukuma. Wengi wa walimu wetu wa kwanza katika elimu hii ni watu waliolala ndani.

Wageni wa somo hili hupenda kuanza na kuta na bunduki. Mimi ningeanza na chungu. Mgao wa mfungwa wa Burundi kwa siku ni takriban gramu 350 za maharage na gramu 350 za unga wa muhogo, na mafuta na chumvi siku zinapopatikana. Mboga, sabuni, dawa na nguo, kwa sehemu kubwa, hutoka kwa ndugu. Kwa hiyo mfungwa ambaye mama yake anauza ndagala sokoni Rumonge anaishi kifungo tofauti kabisa na cha mwenzake aliyeletwa kutoka Muyinga, upande wa pili wa nchi, hata kama kosa ni lile lile na miaka ni ile ile. Nauli ya basi inaamua nani anatembelewa na nani anasahauliwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu anayetembelewa hubaki na mahali pa kurudi, na bila mahali pa kurudi mafunzo yoyote ya ufundi hayana pa kushikia.

Mpangilio wa ndani nao utakushangaza. Polisi wa magereza hulinda geti na kuta, na utawala huweka orodha na kumbukumbu, lakini maisha ya kila siku uani huendeshwa kwa kiasi kikubwa na wafungwa wenyewe chini ya kapita, yaani mfungwa anayewaongoza wenzake, na wasaidizi wake: usafi, zamu, nani alale wapi, ugomvi uamuliwe vipi. Bila utaratibu huo, askari wachache wasingeweza kusimamia umati ule. Lakini nafasi ya kulala ikiwa adimu hugeuka bidhaa, na kapita akikosa wa kumdhibiti hugeuka mtawala. Anayechunguza gereza asiridhike mpaka ajue kapita alipatikanaje na anaweza kuondolewa na nani.

Tukifika kwenye dosiye, yaani faili la kesi ya mfungwa, tumefika kwenye moyo wa jambo. Magereza ya Burundi yalijengwa kwa watu 4,000 na kidogo, lakini mwaka 2022 yalikuwa na zaidi ya 12,000, na karibu nusu yao, au zaidi, walikuwa hawajahukumiwa. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua. Lilijengwa kwa watu 400, na usiku huo walilala humo zaidi ya 1,500. Makamu wa Rais Prosper Bazombanza alitangaza vifo 38. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitaja hitilafu ya umeme. Kwangu mimi, msongamano unastahili kuchunguzwa kwa uzito ule ule, maana wangekuwa 400 wengi zaidi wangeufikia mlango.

Mwezi Machi mwaka huo huo Rais Évariste Ndayishimiye alikuwa amesaini msamaha wa wafungwa zaidi ya 5,200. Lilikuwa tendo kubwa, na familia nyingi za ufukweni zililipokea kwa machozi. Hata hivyo mwaka mmoja baadaye magereza yalikuwa yamejaa tena, kwa kuwa mlango wa kuingilia ulibaki wazi vile vile: kukamata kwanza, kupeleleza baadaye. Mtu asiyejua tarehe ya kesi yake hawezi kupanga maisha. Ukimwita kwenye darasa la useremala, akili yake iko kwa mwendesha mashtaka. Ndiyo maana nashikilia kwamba urekebishaji wa mfungwa unaanzia kwa hakimu na karani kabla ya kufika kwa mwalimu wa ufundi.

Sheria haikukosekana. Burundi ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009, na sheria ya magereza ya 2003 ilifanyiwa marekebisho 2017. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema kifungo hutimiza lengo lake pale tu muda wake unapotumiwa kumwandaa mtu kurudi katika jamii. Rumonge yenyewe ina kituo cha kuwarekebisha vijana waliovunja sheria, mbali na watu wazima, kwa masomo na ufundi, na naona ndiko tumaini kubwa zaidi liliko. Kwa watu wazima, tazama Luzira: Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alisoma sheria akiwa kifungoni, na kesi yenye jina lake ilivunja mwaka 2009 ulazima wa adhabu hiyo Uganda.

Kisha kuna siku ya kutoka, na hapa Rumonge ina jambo lake. Machafuko ya 1972 yalianzia ukanda huu mwishoni mwa Aprili. Mauaji yaliyofuata yaliwasukuma maelfu hadi Tanzania, na mashamba yao, mengi ya michikichi, yakapata wamiliki wapya. Waliporudi, wagombea wa ardhi moja walikuwa wawili, na serikali ikaunda tume ya ardhi mwaka 2006. Ugomvi wa shamba umewafikisha wengi mahakamani, na baadhi gerezani. Anayetoka Murembwe huenda akakuta mpaka wa shamba umesogezwa. Mwanafunzi anayeanza leo na akae na bashingantahe, wazee wanaosuluhisha migogoro, wa kilima kimoja tu, awaulize waliotoka wamepata wapi pa kulima, na nani aliyewapokea.