Haki mbele ya sadaka: kujitayarisha kwa magonjwa ya kuenea ulimwenguni

Ndugu mapadri, mafrateri na makatekista, kila mara chanjo inapofika misioni tunasikia ulizo hili: "Wageni walichukua damu yetu; walitupatia nini?" Wengine wanakataa sindano kwa sababu yake. Tusiwacheke. Ndani ya ulizo hilo mna uwongo, lakini mna ukweli vilevile. Kazi yetu ni kutenga moja na nyingine.

1. Mambo yaliyotokea kwetu

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliingia katika misioni ya Yambuku, kaskazini ya Kongo. Munganga Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda kuutazama, akatoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu. Kisha damu ya sista mmoja wa Ubelgiji ilipelekwa Antwerpen ndani ya termosi. Kijidudu kipya kilionekana, kikaitwa Ebola, jina la mto ulio upande ule. Watu 318 waliugua. 280 walikufa, pamoja na masista na wafanyakazi wengi wa hospitali.

Sababu moja kubwa ilikuwa sindano. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa watu wote. Walizisuuza kwa maji ya vuguvugu, wakampiga mgonjwa mwingine. Masista wale walikuwa na upendo hata kufa. Vyombo hawakuwa navyo.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Mtu mmoja aliugua akapona. Miaka mingi kisha, damu yake ilichunguzwa, na ndani yake ikapatikana nguvu ya kupinga Ebola. Muyembe na wataalamu wa Marekani walishirikiana, ikatoka dawa inayoitwa mAb114. Katika miaka 2018 na 2019 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo na mahali pengine pa Kivu ya Kaskazini, ikaonekana kwamba inaponya wengi. Mwaka 2020 Marekani iliithibitisha, na kampuni ya huko ikapewa kazi ya kuitengeneza.

Basi tujibu kwa kweli. Anayesema damu ilitolewa ili kutuua, anadanganya: dawa ile imeokoa watu wetu. Lakini anayeuliza dawa hiyo ni mali ya nani, anauliza vizuri. Damu ilitoka Kikwit, wagonjwa walijitoa Kivu, akili ni za Wakongo na Wamarekani, fedha nyingi zilitoka ng'ambo. Kazi ni ya wengi; sherti na faida ifike kwa wengi.

2. Miaka miwili na siku kumi

Mpox ilionekana kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1970, kwa mtoto mchanga wa Kongo, katika jimbo la Equateur. Kwa miaka zaidi ya hamsini iliua watoto wetu, na ulimwengu haukushughulika sana. Mwaka 2022 ikaenea Ulaya na Amerika. Mwaka uleule watu wa huko wakapata chanjo. Kongo, nchi yenye wagonjwa wengi kuliko zote, ilipokea chanjo zake za kwanza tarehe 5 Septemba 2024: 99,100, zawadi ya Umoja wa Ulaya. Sindano ya kwanza ilipigwa Goma mwezi wa Oktoba. Ni miaka miwili ya kungoja.

Sasa tutazame Bulape, katika Kasai. Ebola ilitangazwa kule tarehe 4 Septemba 2025. Kwa siku kumi hivi chanjo ilikuwa imekwisha kuanza, na dawa mAb114 ililetwa pia. Kwa nini upesi hivi? Kwa sababu chanjo 2,000 zilikuwa zimewekwa Kinshasa mbele ya ugonjwa. Mwanzo wa Desemba ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Akiba iliyo karibu ndiyo iliyofupisha safari.

3. Mapatano ya Geneva

Tarehe 20 Mei 2025 mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) ulipokea mapatano juu ya magonjwa ya namna hii. Shauri lake ni kama soko la haki. Nchi inayoona kijidudu kipya inakitoa upesi ili wataalamu wa dunia wakichunguze. Kwa upande mwingine, kampuni zinazoingia katika mpango zinawekea OMS asilimia 20 ya chanjo na dawa zinazotengeneza wakati wa hatari: angalau asilimia 10 bure, zinazobaki kwa bei nafuu. Hizo zinagawanywa kwa kufuata hatari na lazima ya watu, si kwa kufuata mfuko.

Lakini tusidanganyike. Mkutano ule uliacha sheria za soko hilo zitungwe baadaye, na mapatano hayana nguvu mpaka nchi 60 zimeyathibitisha.

4. Mafundisho ya Kanisa

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 11, Agabo alitabiri njaa kubwa. Wakristu wa Antiokia hawakungoja kuona maiti. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, na msaada ukapelekwa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Saulo. Ndiyo kujitayarisha. Papa Paulo VI naye, katika barua Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya watu wote. Sadaka ni njema, lakini haishiki nafasi ya haki. Mwenye kupewa sadaka anashukuru na kungoja. Mwenye haki anaweza kuuliza.

5. Sisi tufanye nini?

Haki ina pande mbili. Tukidai chanjo mapema, tusifiche ugonjwa. Katekista akisikia vifo vya ghafula kijijini, apeleke habari kwenye kituo cha afya siku ileile, asingoje Jumapili. Padri ahimize mazishi yasiyoeneza ugonjwa, naye aheshimu machozi ya wafiwa. Na mtu akituuliza habari ya damu yetu, tumweleze Kikwit, Goma na Bulape bila kuficha neno. Mkristu aliyeambiwa kweli yote atanyosha mkono wake kwa sindano bila woga, na kwa mdomo wake ataendelea kuuliza haki.