Kimo ni cha Kuzaliwa, Moyo ni wa Kujengwa

Kila inapokaribia michezo ya vyuo, si mara chache kuona wanafunzi wakipangwa mstari uwanjani, walio warefu wakaambiwa wabaki, na wafupi wakaambiwa wakashangilie. Kwa kipimo hicho cha jicho, timu ya mpira wa kikapu huwa imekwisha kupatikana kabla mpira wenyewe haujadunda hata mara moja. Mtindo huu hauna haki wala faida, nasi tunaona inafaa tuuseme waziwazi.

Tunaanzia katika nyanda za juu za Kigoma. Kasulu ina vyuo vya ualimu, cha Kasulu na cha Kabanga, na vijana wa Kibondo ni miongoni mwa wanaotafuta elimu huko. Hii ndiyo nchi ya Buha, ambayo zama za ukoloni ilitoa maelfu ya vijana waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya pwani. Kilichowafikisha kule na kuwarudisha kwao hakikuwa urefu wa miguu, bali uvumilivu. Mjukuu wa watu hao hastahili kuhukumiwa kwa futi kamba.

Tena yafaa kukumbuka kwamba mchezo huu wenyewe ulizaliwa chuoni. Mwezi wa Desemba, 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith, aliyekuwa akifundisha vijana chuoni, alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, akachukua mpira wa miguu, akaandika kanuni 13. Hakutafuta majitu, alicheza na wanafunzi 18 aliokuwa nao darasani.

Watu watatuambia kwamba ringi iko juu mita 3.05, na mrefu yuko karibu nayo zaidi. Ni kweli, wala hatubishani na maumbile. Lakini tuutazame mfano unaomhusu ndugu yetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21. Tarehe 16 Februari, 2009, timu yake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, iliyokuwa ikihesabiwa ya kwanza Marekani, ilipambana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko alikutana na DeJuan Blair, kijana wa mita 2.01, ambaye magoti yake yote mawili yalikwisha kupasuliwa na kupoteza kano zake kuu za ndani. Siku hiyo Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyokosa kikapu, na Pittsburgh wakashinda kwa 76 kwa 68. Mwaka huohuo Thabeet aliteuliwa wa pili kuingia katika ligi ya kulipwa ya NBA, na Blair akaachwa mpaka nafasi ya 37 kwa hofu ya magoti yake. Katika msimu wake wa kwanza Blair alicheza michezo yote 82.

Hatusemi haya ili kumshusha Thabeet. Kijana aliyeanza kucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akahama kutoka Dar es Salaam hadi Kenya na kutoka Kenya hadi Texas akitafuta shule, kisha akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, naye alikuwa na moyo. Warefu wako wengi waliobaki vijiweni. Wala Blair hakuwa mnyonge wa mwili. Alikuwa mpana na mwenye nguvu. Funzo letu ni kwamba kimo humfungulia mtu mlango, na bidii ndiyo humweka ndani ya nyumba.

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakauliza vilima vya Kasulu vinawahusu nini. Vinawahusu sana. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Nchi yenye watu kiasi hicho ikikaa kungoja warefu wazaliwe, itangoja sana. Unguja na Pemba, kama ilivyo Buha, hazina budi kujenga timu kwa vijana waliopo: wenye mbio, wenye pumzi, wenye kusikilizana, na wasiokata tamaa wanapokuwa nyuma kwa pointi kumi.

Hata hivyo, tuna neno kwa viongozi wa Serikali, nalo tunaomba lisikilizwe kwa makini. Sifa ya moyo isigeuzwe kisingizio. Ni rahisi mno kwa afisa kusimama mbele ya vijana na kuwaambia wajitume, kisha akaondoka bila kuacha hata mpira mmoja. Moyo haudundi juu ya udongo wa matope. Kijana aliyejitolea kufanya mazoezi alfajiri, katika baridi ya nyanda za juu, anastahili kukuta sakafu imara ya mita 28 kwa 15, nguzo mbili, na mwalimu anayeujua mchezo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wachaguzi wa timu za vyuo wawape nafasi ya mazoezi wote wanaotaka, kwa muda wa wiki kadhaa, ndipo wachague. Pili, vyuo vya ualimu vitangulizwe katika kujengewa viwanja, kwa sababu mwanafunzi wa ualimu hachezi peke yake. Akihitimu, huuchukua mchezo hadi kijijini na kuwafundisha watoto wasiohesabika. Kiwanja kimoja Kasulu kitaonekana Kibondo, na kimoja Unguja kitaonekana Pemba.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wako tayari kuinama. Wenye dhamana wahakikishe kwamba mvunguni kuna kitu.