Siku Moja katika Hifadhi ya Taifa Arusha

Hifadhi ya Taifa Arusha ipo kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Meru, takriban kilomita 30 kutoka mjini Arusha. Barabara yake huchepuka kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi, karibu na Usa River. Kwa kuwa ni ndogo na ipo karibu na mji, inamfaa mgeni mwenye siku moja tu. Katika siku hiyo anaweza kuona mbuga ya nyasi, msitu wa mlimani, kasoko na maziwa ya magadi, mradi apange mambo machache na ayape nafasi.

Jambo la kwanza ni kuwahi. Mawingu huufunika Meru, wenye urefu wa mita 4,566, kadiri jua linavyopanda, na Kilimanjaro nao huonekana vizuri zaidi alfajiri au kuelekea magharibi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na njia hupitika kwa urahisi. Masika, kati ya Machi na Mei, hutia utelezi barabarani, ingawa ndipo hifadhi inapokuwa ya kijani kibichi.

Anayeingia kwa lango la Ngongongare hupokewa kwanza na Serengeti Ndogo, uwanda wenye twiga, pundamilia, nyati na ngiri. Hapo mgeni asikae sana, kwani njia ya kwenda Ngurdoto hupita msituni wanamoishi mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe. Mbega hukaa juu mitini; kuwaona kunataka kuzima gari, kunyamaza na kutazama matawi. Ngurdoto yenyewe ni kasoko ya volkano yenye upana wa takriban kilomita 3. Wageni hawaruhusiwi kuteremka ndani. Hutazama wakiwa ukingoni, na darubini huwasaidia kuona nyati walioko chini kwenye kinamasi.

Kutoka hapo njia huelekea Maziwa ya Momella. Maji yake yana magadi, na kila ziwa lina rangi yake kutokana na aina za mwani zinazoota ndani. Mwani huo ndio chakula cha heroe, ambao huja na kuondoka kadiri hali ya maji inavyobadilika.

Alasiri ni vyema kutembea kwa miguu, jambo lisiloruhusiwa katika kila hifadhi. Matembezi hufanyika pamoja na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati, na njia inayopendwa huenda kwenye maporomoko ya Tululusia. Viatu vya kufunga, sweta na koti la mvua vinahitajika, maana huku juu kuna baridi. Kupanda hadi kilele cha Meru ni safari ya siku tatu au nne, hivyo haifai kuingizwa katika ratiba hii.

Raia wa Tanzania abebe kitambulisho ili atozwe kiingilio cha raia, na kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019. Nyani wasilishwe chochote: wakizoea chakula cha watu huwa wakali, na wageni wanaofuata ndio hupata madhara.