Je, Wajua? Titi Lina Maji Tayari

Lodwar na Kakuma joto hupita nyuzi 35. Hata hivyo, mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya vizuri hahitaji hata tone la maji. Takriban asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Jua likiwaka, mtoto hulilia titi kila mara, hunyonya kidogo, huachia. Anakata kiu. Wa kupewa maji ni mama!

Tumbo la mtoto wa siku moja hubeba vijiko vichache tu vya chai. Ndiyo maana kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida. Jioni huzidi: titi hili, kisha lile, kisha hili tena. Si kwamba maziwa yameisha. Titi likinyonywa, hutengeneza mengine. Likiachwa limejaa, hupunguza kasi.

Kwa Wasan wa jangwa la Kalahari, watafiti walikuta watoto wakinyonya mara 4 hivi kwa saa, dakika moja au mbili tu kila mara.

Kipimo cha kujua kama mtoto ameshiba ni mkojo. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto aliyeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku.