Steringi Inalia Kwa Kona? Usinunue Pampu Bado

Wasee wengi ndai ikilia "wiii" kwa kona wanaambiwa na fundi pampu imekufa. Mi nilishaliwa doo ya pampu mpya hivyo, kumbe ni paipu tu ilikuwa inavuja.

Anza na kale kachupa ka mafuta ya steringi. Ikiwa chini ya alama, ongeza aina yenye imeandikwa kwa kifuniko, alafu chungulia paipu na raki. Ukiongeza bila kuziba penye inavuja, utarudi dukani wiki ijayo. Cheki pia mkanda, ukilegea hulia vilevile.

Ukiona povu, kuna hewa ndani. Inua tairi za mbele, weka stendi (jeki pekee usiiamini, buda), injini ikiwa imezimwa zungusha steringi polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara kadhaa, ukiongeza mafuta ikishuka. Ukiwa kwa barabara, usiikazie ikishafika mwisho. Hapo pampu ndio huteseka.

Na kama una Honda Fit, fundi akisema mafuta ya steringi imeisha, chukua funguo uishie. Hiyo inasaidiwa na mota ya stima, haina mafuta. Ikikuwa nzito, cheki betri, fyuzi na alteneta kwanza.